Kwenda Yi Peng: mwongozo kamili wa sikukuu ya taa za angani mjini Chiang Mai

Ile picha unayoijua, ya maelfu ya taa za karatasi zikipaa kwa mkupuo mmoja juu ya watu waliokaa kwa safu, haikupigwa ndani ya mji wenyewe wa Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand. Aghalabu imepigwa kwenye uwanja ulio nje ya mji, katika hafla yenye kiingilio, ambako mtangazaji alihesabu kurudi nyuma na watu wote wakaachia kwa pamoja. Nalisema hili kabla ya lolote kwa sababu wageni wengi hufika mjini wakasimama darajani usiku kucha wakingoja tukio lisilokuwepo hapo, na huku mitaa miwili nyuma yao, kwenye ua wa hekalu, watawa vijana wanawasha taa mia kwa mia bila kumlipisha mtu senti.

Sikukuu hii ni pana kuliko ile picha. Mwongozo huu ni wa anayetaka kuiona yote, na kukaa humo kama mgeni mwenye adabu.

Sikukuu gani hasa

Usiku huo huwa na sikukuu mbili. Loy Krathong ni ya Thailand nzima: watu hushuka mtoni au ziwani na kuelesha majini vikapu vidogo vyenye mshumaa, viitwavyo krathong, kumshukuru Mae Khongkha, mama wa maji, na kumwomba radhi kwa uchafu uliotiwa majini mwaka mzima. Yi Peng ni ya kaskazini, ya watu wa Lanna, ufalme uliokuwa na mji mkuu wake Chiang Mai, mji uliojengwa na Mfalme Mangrai mwaka 1296. Katika lugha ya huko, "yi" ni pili na "peng" ni mwezi mpevu. Ni mwezi mpevu wa mwezi wa pili kwa kalenda ya Lanna, ambao kwa kalenda ya Kithai ya kati ni mwezi wa kumi na mbili. Kwa hiyo sikukuu zote mbili huangukia siku zilezile.

Taa inayorushwa inaitwa khom loi. Kwa waumini, moto ule ni sadaka inayopelekwa Phra That Ket Kaew Chulamani, stupa (mnara mtakatifu wa Kibuddha) iliyoko mbinguni ambamo, kwa imani yao, zimehifadhiwa nywele za Buddha. Mwanadamu hawezi kuifikia kwa miguu, basi hutuma taa. Wengi pia huamini kwamba taa inapotokomea huondoka na mikosi ya mwaka. Ukilijua hilo, hutashangaa kumwona bibi mzee amefumba macho huku ameishika taa kwa dakika nzima kabla ya kuiachia. Anaomba. Si wakati wa kumsogelea na kamera.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa Afrika Mashariki atalitambua mara moja. Milango ya nyumba na mahekalu hupambwa kwa migomba mizima, makuti ya mnazi na miwa, kama tunavyopamba lango la harusi. Wao wanakumbuka kisa cha Vessantara, mwana wa mfalme aliyegawa mali yake yote, akaenda kuishi msituni, na hatimaye akarudi mjini kwa shangwe. Lango lile la migomba ni mfano wa msitu alioupitia.

Hatua ya kwanza: ijue tarehe

Sikukuu hufuata mwezi, kwa hiyo tarehe huhama kila mwaka, kwa kawaida ndani ya Novemba. Mwaka 2023 mwezi mpevu ulikuwa tarehe 27 Novemba, 2024 tarehe 15, 2025 tarehe 5. Kwa 2026 mwezi utajaa tarehe 24 Novemba. Tarehe za shughuli rasmi hutangazwa na manispaa na zinaweza kuongezwa siku moja mbele au nyuma, basi usikate tiketi ya kukufikisha siku yenyewe na kuondoka kesho yake. Jipe usiku nne: mmoja kabla, miwili ya sikukuu, mmoja baada.

Vyumba ndani ya mji mkongwe huisha mapema mno. Miezi minne au mitano kabla si haraka. Tafuta pa kulala ndani ya ule mraba uliozungukwa na handaki la maji, au kati ya lango la Tha Phae na mto Ping. Usiku wa sikukuu magari hukwama kabisa, na aliyelala mbali atatembea kilomita nyingi saa 7 usiku akiwa amechoka.

Hatua ya pili: makaratasi

Anza na chanjo ya homa ya manjano. Thailand inadai cheti chake kwa wasafiri wanaotoka nchi zilizo kwenye orodha yake, na Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zimo. Chanjo iwe imechomwa siku 10 au zaidi kabla ya safari. Ukitua uwanja wa Suvarnabhumi, Bangkok, usikimbilie foleni ya uhamiaji: pitia kwanza dawati la afya, waonyeshe kadi, wakupe idhini, ndipo uende kwa maafisa wa pasipoti. Nimeona watu wakisimama foleni saa nzima kisha wakarudishwa nyuma kwa kulikosa dawati hilo tu.

Viza huombwa mtandaoni kwenye tovuti rasmi ya viza ya serikali ya Thailand, na maombi hushughulikiwa na ubalozi unaohusika na nchi unayoishi. Kuna ubalozi wa Thailand Nairobi. Sheria za nani anahitaji viza hubadilika, kwa hiyo zisome kwa pasipoti yako mwenyewe, si kwa ya rafiki yako. Tangu tarehe 1 Mei 2025 kila mgeni pia hujaza fomu ya kidijitali ya kuingia nchini, TDAC, ndani ya siku 3 kabla ya kufika. Fomu hiyo ni bure. Tovuti inayokudai pesa kwa ajili yake si ya serikali, ifunge.

Hatua ya tatu: kufika Chiang Mai

Kutoka kwetu wengi hupitia Addis Ababa, Doha au Dubai hadi Bangkok. Saa za Thailand ziko nne mbele ya zetu. Kutoka Bangkok una njia tatu.

Ndege huchukua kama saa moja na robo. Angalia inaondokea wapi, maana Bangkok ina viwanja viwili, Suvarnabhumi na Don Mueang, na kutoka kimoja hadi kingine ni safari ya kukatiza jiji. Treni ya usiku huondoka kituo kikuu cha Krung Thep Aphiwat na kufika asubuhi, na behewa la vitanda ndilo ninalolipendekeza kwa moyo wote: unalala, unaamka na milima. Tiketi zake za wiki ya sikukuu huisha upesi. Basi ni kama saa kumi.

Sasa sikiliza vizuri. Uwanja wa ndege wa Chiang Mai uko kilomita chache tu kutoka mji mkongwe, na taa angani ni hatari kwa injini. Kila mwaka katika siku hizo safari nyingi za jioni na usiku hufutwa au kusogezwa. Mara yangu ya kwanza nilikata tiketi ya kuondoka saa 2 usiku wa siku ya pili, na ujumbe wa kuihamishia asubuhi ulinijia nikiwa tayari Bangkok. Nilipoteza usiku mzima wa sikukuu. Panga kuingia na kutoka mchana, na usiunganishe ndege ya kimataifa kwa saa mbili au tatu tu.

Ndani ya mji utapanda songthaew nyekundu, gari dogo lenye mabenchi mawili nyuma yanayotazamana. Aliyewahi kupanda chai maharage Dar es Salaam hahitaji maelezo zaidi. Mwambie dereva unakokwenda na mpatane nauli kabla ya kupanda. Beba bati, pesa ya Thailand, taslimu, kwa sababu mashine za benki hukata zaidi ya bati 200 kila ukitoa pesa kwa kadi ya nje. Toa nyingi mara moja.

Hatua ya nne: amua kuhusu hafla ya kiingilio

Hafla kubwa za kurusha taa kwa pamoja hufanyika nje ya mji, na tiketi yake ni maelfu ya bati. Bei hupanda kwa kadiri unavyokaa karibu na jukwaa. Kwa kawaida hujumuisha basi, chakula, mkeka na taa. Basi hukuchukua mchana na kukurudisha usiku wa manane, basi hiyo ni siku nzima na jioni nzima.

Je, inafaa? Kama umeota picha ile kwa miaka, na pesa ipo, nenda, hutajuta. Kuona anga zima likigeuka bahari ya moto mtulivu ni jambo la mara moja maishani, na kabla ya kurusha watawa husoma dua na watu hukaa kimya kwa dakika kadhaa. Ila chagua usiku mmoja tu kwa hafla hiyo, na usiku mwingine uwape mji na mahekalu. Ningelazimishwa kuchagua kimoja, ningechagua mji.

Nunua tiketi kwa waandaaji wenyewe. Wanaouza "nafasi za mwisho" kwenye makundi ya mitandao ya kijamii wamewaliza watu wengi, akiwemo mwenzangu mmoja aliyefika kituo cha mabasi na kuambiwa namba yake ya tiketi imeshatumika.

Hatua ya tano: jioni ya mji, saa kwa saa

Toka mchana ungali mwanga. Novemba jua huzama kama saa 12 kasoro robo, na giza huingia upesi. Vaa nguo inayofunika mabega na magoti, ya pamba ikiwezekana, maana cheche zikidondokea nailoni huyeyukia mwilini. Viatu viwe vya kuvua kirahisi. Usiku hupoa kidogo, chukua kikoi au shali, vitafaa pia kujifunika ukiingia hekaluni.

Saa 10 alasiri nenda eneo la Sanamu ya Wafalme Watatu, katikati ya mji mkongwe, kuna taa nyingi za kuning'inizwa za kila rangi. Tembea hadi mahekalu ya Wat Phra Singh na Wat Chedi Luang. Jua likianza kuinama uwe umeshafika Wat Phan Tao, hekalu dogo la mbao za msaji lililo jirani na Chedi Luang. Nyuma yake kuna kibwawa na mti, na hapo ndipo watawa vijana wenye mavazi ya rangi ya chungwa hukaa kuwasha vitaa vya udongo na kusoma sala. Ua ni mdogo, watu ni wengi. Fika mapema, kaa chini, na ukishakaa usisimame mbele ya wenzako. Sijui mahali pengine katika sikukuu hii panapotuliza roho kama pale.

Ukitoka hapo fuata barabara kwenda mashariki, upite lango la Tha Phae, uteremke hadi mto. Mbele ya maduka na nyumba utaona visahani vya udongo vyenye mafuta na utambi, vimepangwa kizingitini na kwenye kuta. Vinaitwa phang prathip. Viruke, usivikanyage. Maandamano ya mapambo hupita barabara ya Tha Phae, yenye ngoma, wacheza ngoma wa Lanna waliovaa hariri, na magari yaliyopambwa kama krathong kubwa.

Hatua ya sita: kuelesha krathong

Krathong huuzwa kando ya mto kila mahali kwa bei ndogo. Iliyo sahihi hutengenezwa kwa kipande cha shina la mgomba, majani yaliyokunjwa kwa ustadi, maua, mshumaa na vijiti vitatu vya udi. Kataa ya povu la plastiki. Ile ya mkate huwafurahisha wengi kwa kuwa samaki hula, lakini zikizidi huozea majini. Ya mgomba inatosha.

Shuka hadi ukingoni, si katikati ya daraja la Nawarat. Washa mshumaa na udi. Iinue hadi usawa wa paji la uso, sema moyoni unalotaka kusema, kisha chuchumaa uiweke majini taratibu na uipungie maji kwa mkono iende. Wenyeji wengine hutia sarafu, au kijinywele na ukucha, kuachana na mabaya ya mwaka. Kingo huteleza na gati za mianzi hujaa watu. Mshike mtoto mkono wakati wote.

Hatua ya saba: kurusha taa

Hapa ndipo penye sheria. Ruhusa ya kurusha hutolewa kwa siku na saa maalumu na kwa maeneo maalumu, na miaka ya karibuni mamlaka zimebana sana katikati ya mji na karibu na uwanja wa ndege. Kuvunja amri hiyo kunaweza kukutia hatiani kwa faini au kifungo. Mchuuzi atakuuzia taa popote. Kuuziwa si ruhusa. Uliza hotelini kwako siku hiyohiyo ni wapi panaruhusiwa, au rusha kwenye hafla yenye kibali. Ndege isiyo na rubani ya kupigia picha iache nyumbani.

Taa nzuri ni ya karatasi nyembamba na pete ya mwanzi, bila waya. Kazi hii ni ya watu wawili au watatu:

1. Tazama juu. Pasiwe na nyaya, miti wala paa. Upepo ukivuma, ngoja.
2. Ikunjue polepole na ukague kama imechanika. Tundu dogo litaishusha ikiwa bado inawaka, nayo ikiangukia paa la makuti ni msiba. Iliyochanika usiirushe.
3. Mmoja ashike juu ili karatasi isianguke kwenye moto, wengine washike pete kwa pande zake.
4. Iteremshe pete karibu na ardhi, washa kipande cha nta kilichofungwa katikati. Weka uso mbali, kwa sababu nta hudondoka ikiwa moto.
5. Ngoja. Hewa ya moto itaijaza, karatasi itajitanua, na kwa dakika moja au mbili utahisi taa inakuvuta mikono. Wasio na subira huachia kabla, na taa huenda kumwangukia mtu.
6. Inapovuta kwa nguvu, inyanyue taratibu na uiachie. Usiisukume. Ikiwa tayari itajiondokea yenyewe.

Moja kwa familia inatosha. Kila taa unayoiona ikipaa itashuka mahali, kwenye shamba la mpunga la mtu, kwenye paa la mtu, mtoni. Wanaoziokota kesho yake si wageni.

Adabu za hekaluni

Vua viatu na kofia. Usikanyage kizingiti, kivuke. Ukikaa, kunja miguu nyuma au kando, nyayo zisielekee sanamu ya Buddha wala mtawa. Usimguse mtu kichwani, hata mtoto. Usikae juu zaidi ya mtawa. Mwanamke hamgusi mtawa wala hampi kitu mkononi. Anakiweka chini au kwenye kitambaa, naye anakiokota. Watu wakiizunguka stupa, hufanya hivyo mara tatu, bega la kulia likiwa upande wa stupa. Usiwakate njia. Salamu ni viganja kuunganishwa kifuani na kuinamisha kichwa. Mwanamume husema "sawatdi khrap", mwanamke "sawatdi kha". Mwenye umri akikuamkia hivyo, mrudishie kwa heshima.

Na usitie neno la kejeli kuhusu familia ya kifalme, hata kwa utani. Sheria yao juu ya hilo ni kali.

Swali la imani, na chakula

Wasomaji wengi wa Kiswahili ni Waislamu au Wakristo, na huniuliza kama kurusha taa ni kushiriki ibada. Jibu langu ni la wazi: kwa wenyeji, ndiyo, ni ibada. Kila mtu apime dhamiri yake. Hakuna atakayekulazimisha kurusha taa, kuelesha krathong wala kupiga magoti. Ukikaa pembeni kwa utulivu, ukanyamaza watawa wanaposoma, umewaheshimu kikamilifu. Mara ya pili nilipokwenda sikurusha chochote, na sikupungukiwa.

Anayetafuta chakula cha halali aende mtaa wa msikiti wa Ban Haw, karibu na soko la usiku. Ni jamii ya Waislamu wenye asili ya Yunnan, China, waliofika na misafara ya wafanyabiashara. Hapo kula khao soi: tambi katika mchuzi mzito wa nazi na bizari, juu yake tambi nyingine zilizokaangwa zikakauka, na kando achari, kitunguu na ndimu. Mtu wa pwani atajiona yuko kwao. Ijumaa asubuhi kuna soko mkabala na msikiti, lenye mboga na vyakula vya watu wa milimani.

Asubuhi yake

Amka mapema uende mto Ping kabla jua halijawa kali. Utawakuta wafanyakazi wa manispaa na watu wa kujitolea wakivuta krathong kwa nyavu na kuzirundika ukingoni, na mitaani wengine wakiokota mifupa ya mwanzi ya taa zilizoanguka. Ukiona moja kwenye njia yako, iokote uipeleke kwenye rundo. Wakikupa glavu, pokea.